Samaki wa Khala

Mama hali. Tangu atoke hospitali anakibishia chakula kama mtoto mdogo: uji ukiwa mzito ataukataa, supu ikiwa nyepesi ataisema, mkate ati unamkwaruza koo. Wiki iliyopita nilimkalia kitandani nikamwambia, basi sema wewe mwenyewe unataka nini, nikikikosa hapa Walthamstow nitaizunguka London nzima. Akautazama ukuta kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Nimemtamani yule samaki wa jirani."

Sikumuuliza jirani yupi. Tumepata majirani wengi katika nyumba hii, Waingereza, Wapoland, Waghana, lakini aliyetuletea samaki alikuwa mmoja tu, na mimi ndiye niliyemfukuza. Mama alikuwa halijui hilo. Nilivaa koti nikatoka kabla hajanitazama usoni.

Soko letu ni refu, ukiliingia na mikono mitupu unatokea upande wa pili mabega yamekuteguka kwa mifuko. Karibu na mwisho kuna duka la Wabengali, samaki wao wanatoka kwenye friza wakiwa wagumu kama kuni, na kuna kijana anawakata kwa msumeno wa umeme. Nilimwonyesha ninayemtaka kwa kidole. Jina lake nalijua, ilish, ila sikutaka kulitia mdomoni. Kijana akaniangalia, mwanamke wa Kiswahili na mtandio wangu, akaniuliza kwa adabu kama najua kumla, maana ana miiba mingi. Nikamwambia namjua. Msumeno ulipozama mgongoni kwa samaki, barafu ikaruka kama unga na harufu ikanipata, nzito, ya mafuta. Nikawa na miaka tisa tena. Wallahi nilihisi uso unaniwaka mbele ya kijana wa watu.

Nyumba yetu ni ile ile tuliyokuwa nayo wakati huo, katika safu ya nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, kila moja na kigeti chake na kijiuwa cha kuwekea mapipa ya taka. Jirani wa upande wa kulia alikuwa mama wa Kibengali. Aliniambia nimwite Khala, na mama alifurahi kusikia hivyo, kwa sababu kwao Pemba wapo wanaomwita mama mdogo khalati, akaona basi huyu si mtu mbali. Mumewe Khala alipika mkahawani huko mjini, watoto wao walikuwa wakubwa na wana nyumba zao. Khala hakujua Kiswahili, mama hakujua Kibengali, na Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha kununulia mkate na maziwa. Kwa hiyo wakitaka kuzungumza waliniita mimi. Mimi ndiye niliyekuwa ulimi wao, na nilijivunia kazi hiyo sana.

Khala aliniita Ma. Nilidhani jina langu limemshinda. Kumbe ndivyo wao wanavyowaita mabinti zao wanapowapenda, mama.

Mwaka huo mama alijifungua mdogo wangu. Kwetu mzazi ni mtu wa kulelewa. Kwa siku arubaini halishiki jambo. Huyu anamkanda, yule anampikia, mwingine anambeba mtoto ili mama apate kufumba macho. Hapa London mama alikuwa na mimi. Baba alifanya kazi kwenye ghala kule Edmonton, alitoka alfajiri na akirudi anatupikia wali wa kushikana. Shangazi yangu, dada yake baba, alikaa Thornton Heath, upande wa pili kabisa wa jiji. Alikuja Jumapili na sufuria ya mchuzi wa pweza ili maziwa yatoke, akaondoka kabla ya magharibi kuwahi treni zake. Siku nyingine mama alikula alichopata, yaani hakula. Alikuwa akikaa kitandani na mtoto mapajani, machozi yanamtoka bila sauti, na mimi nikidhani analia kwa sababu ya jambo nililolifanya, nikawa naosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Maziwa yakapungua. Mtoto alinyonya, akaacha, akapiga kelele.

Khala alimsikia kupitia ukutani. Ijumaa moja akanisubiri nitoke skuli, akanipa sahani mbili, moja imeifunika nyingine, zimefungwa kwa kitambaa. Kutoka kizingiti chake hadi chetu, kupitia kigeti chake na kigeti chetu, zilikuwa hatua kumi na nne. Nilizihesabu kwa sauti nisimwage, na mama akinisikia kutoka chumbani. Ndani ya sahani mlikuwa na wali mweupe na vipande viwili vinene vya samaki katika mchuzi wa manjano wa haradali, na pilipili mbichi nzima juu yake. Harufu iliingia nyumbani kabla yangu.

Mama alikaa kitako, akanawa, akaanza kumchambua. Miiba ya samaki yule ni myembamba kama nywele na iko kila mahali. Vidole vya mama vilikwenda taratibu, mwiba mmoja mmoja, akiipanga ukingoni mwa sahani, na nilivyomtazama niliona uso wake unarudi kuwa uso wa mama. Alikula akamaliza. Akanyonya mifupa. Kisha akalala, na alipoamka mtoto alinyonya mpaka akasinzia kifuani. Kwa hiyo nisijitetee hapa kwamba sikujua. Nilijua. Niliona kwa macho yangu samaki yule amemfanya nini mama.

Kesho yake nilirudisha sahani, na mama akanituma nitie tende ndani yake. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu, hata kama huna kitu utatia kijiko cha sukari. Ijumaa ya pili samaki akaja tena, na sahani ikarudi na kaimati za baba, zilizotoka bapa kama vifungo vya koti. Khala alizicheka, akala moja pale pale mlangoni, akanibusu kichwani.

Jumapili yake shangazi akafika. Mama alikuwa amebakisha kipande kidogo cha samaki, shangazi akakishika kwa ncha za vidole, akaitazama ile miiba kama aliyeona nywele kwenye pilau. "Mzazi hapewi samaki wa miiba," akasema. "Kwetu huyu angepewa paka. Mtu akikuthamini anakupa nguru, anakupa nyama tupu. Huyo jirani anakupa cha kutupa." Mama akacheka, akamwambia mikono anayo na miiba anaitoa mwenyewe, tena mbona shangazi mwenyewe ananusa nusa kama anataka kuonja. Wakaingia mazungumzo mengine.

Mimi sikuingia mazungumzo mengine. Neno la shangazi lilinikaa. Shangazi alikuwa mtu wa kuijua dunia, alifanya kazi ofisini, na mama alikuwa mgonjwa. Nikaona basi mama anadharauliwa na hana nguvu za kulitambua, na mimi ndiye ninayezibeba dharau hizo mlango kwa mlango. Nikakumbuka Khala alivyozicheka kaimati zetu. Kila kitu kikapata maana mpya.

Hayo ndiyo niliyojiambia, na kwa miaka mingi nilipolikumbuka jambo hili niliishia hapo, mtoto amemwamini shangazi yake, nani atamlaumu? Lakini kulikuwa na koti. Ijumaa ya pili mchuzi ulinimwagikia mkononi kwenye koti la skuli, mafuta ya haradali yakanywewa na kitambaa, na nikasugua kwa sabuni ya vyombo nikazidisha. Jumatatu msichana aliyekaa nyuma yangu darasani akaanza kunusa. Akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia mwingine, na ilipofika saa ya chakula nilikuwa na jina, Fishi. Walikuwa wakiniona wanaziba pua wote pamoja. Nilikuwa na koti moja tu. Nilitembea nalo wiki nzima katika baridi nikiwa nimelikunja chini ya kwapa.

Ijumaa ya tatu Khala alinipa sahani kama kawaida. Nikahesabu hatua saba, nikafika kwenye pipa letu, nikafungua, nikamwaga. Nikaisuuza sahani kwa maji ya chupa yangu ya skuli, nikaificha mkobani. Mama akauliza, jirani hajambo? Nikamwambia hajambo. Akauliza tena, kidogo kwa aibu, kama hakutoa kitu leo. Nikamwambia hakutoa. Kesho yake nikamrudishia Khala sahani yake, tupu. Akaipokea, akaifunua akaitazama ndani, akanitazama.

Ijumaa ya nne nikafanya vile vile.

Sikuwafikiria mbweha. Walioishi London wanawajua, hupita mitaani kama paka na kuyapekua mapipa. Jumamosi asubuhi nilipofungua pazia, mfuko wetu wa taka ulikuwa umechanwa na wali umetapakaa njiani, na kile kipande kinene cha samaki kiko mbele ya kigeti cha Khala, kimetafunwa upande mmoja. Khala mwenyewe alikuwa ameinama na ufagio. Alifagia kwake, akafagia na kwetu. Alikiokota kile kipande kwa mkono, bila ya karatasi, akakishika kidogo kabla ya kukitia kwenye mfuko wake. Nilirudisha pazia taratibu nikakaa chini ya dirisha. Nitasema ukweli, nilichokiogopa ni kwamba atamwambia mama. Sikumfikiria yeye hata kidogo.

Ijumaa iliyofuata alinisubiri kama siku zote, sahani mkononi, lakini hakunipa. Aliniuliza kwa Kiingereza chake kile cha kuokoteza, "Ma, mama yako hali samaki wangu?"

Ningeweza kusema lolote. Ningesema ni mgonjwa, ningesema daktari amemkataza. Nilikuwa ulimi wao, maneno nilikuwa nayo ya lugha zote. Nikamwambia, "Mama anasema ananuka."

Alibaki na ile sahani. Akaipangusa ukingo kwa ncha ya sari yake ingawa ulikuwa mkavu. Akauliza mtoto hajambo, nikasema hajambo, akasema vizuri, vizuri, akaingia ndani. Nilikwenda nyumbani mikono mitupu, na skuli wiki iliyofuata hakuna aliyeziba pua. Nilifurahi. Jamani, nilifurahi.

Ndani ya nyumba, tangu Ijumaa ile ya tatu, mambo yalikuwa yamerudi kuwa mabaya. Mama alilowesha mkate ndani ya chai akaula nusu. Muuguzi aliyekuja kumpima mtoto alitikisa kichwa juu ya mzani wake, na baba akaanza kununua maziwa ya kopo. Kila Ijumaa mama alikuwa akitega sikio saa ya skuli kufungwa. Hakuniuliza tena, lakini nilipofungua mlango alitazama mikono yangu kwanza.

Siku arubaini zilipotimia mama alioga, akavaa kanga mpya, akaingia jikoni kwa mara ya kwanza akapika mkate wa kumimina. Akautia kwenye sahani yake ya maua, moja kati ya zile alizokuja nazo kutoka Pemba amezifunga ndani ya nguo, akambeba mtoto, akaniambia twende kwa Khala. Nilimwambia nina kazi ya skuli. Akaniambia kazi ya skuli itangoja, mimi nitazungumza naye kwa mikono?

Khala alifungua mlango, akamtazama mtoto, akataka kutabasamu. Hakutukaribisha ndani. Mama akampa mkate kwa mikono miwili, na akaanza kusema taratibu ili mimi nipate nafasi ya kulichukua kila neno.

"Mwambie samaki wake ndiye aliyenirudisha kula. Mwambie kama nimemkosea anisamehe, maana ameacha kunikumbuka na mie sijui nimefanya nini."

Nikamwambia Khala, kwa Kiingereza, "Mama anasema asante. Huu ni mkate."

Khala hakunitazama. Alimtazama mama, akasema naye kama kwamba mama anamwelewa, akitafuta maneno moja moja. "Mwambie mama anisamehe. Sikujua kwake ananuka. Lile ni tumbo la samaki, kwetu anapewa mkwe. Mume wangu akimleta mmoja, tumbo namwekea mama yako. Sisi tunakula mkia."

Hapo nilielewa. Sijui nilielewaje yote kwa mara moja, lakini nilielewa: kwamba miiba haikuwa dharau, kwamba kwao huyu ndiye nguru, tena zaidi ya nguru, na kwamba mama alikuwa akipewa kipande ambacho mwenye nyumba mwenyewe hakukigusa. Shangazi alikuwa amekosea na mama alikuwa sawa. Wanawake wawili walikuwa wamesimama mbele yangu kila mmoja anamwomba mwenzake radhi, na katikati yao hapakuwa na kitu ila mimi.

"Anasemaje?" mama akaniuliza.

"Anasema ana kazi nyingi siku hizi."

Mama akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Khala naye akatikisa kichwa. Wakatabasamiana kama watu waliokutana kwenye lifti, mlango ukafungwa. Ya kabla ya hapo naweza kuyaweka juu ya utoto. Haya siwezi, nilikuwa nimeshajua.

Kabla baridi haijaisha Khala na mumewe walihama, wakamfuata mtoto wao mji mwingine huko juu, jina lake sikulishika. Siku waliyoondoka tulirudi kutoka sokoni tukaikuta sahani yetu ya maua mlangoni. Haikuwa tupu. Khala naye alikuwa mtu wa kwao, hakurudisha sahani tupu. Ndani yake mlikuwa na pakiti ya biskuti za dukani, haijafunguliwa, na karatasi yake ya plastiki.

Mama aliigeuza geuza ile pakiti mkononi. "Biskuti za dukani," akasema. "Mimi nimempikia kwa mkono wangu, nimetoka arubaini juzi. Ananipa biskuti kama anampa mtu wa posta." Iliingia kabatini na ikakaa mpaka ikatupwa. Mimi nilijua kwa nini ni biskuti za dukani. Alikuwa ametafuta katika jiko lake lote kitu ambacho hatuwezi kusema kinanuka.

Toka hapo Khala akawa hadithi ya mama. Kwenye shughuli, kwenye maulidi, akitokea mgeni mpya kutoka nyumbani anayesifu majirani zake, mama alimwambia usiwazoee watu wa London, mie nilikuwa na jirani nikamfanya ndugu, akanigeuka bila ya sababu, alikuwa na kibri yule, acha tu. Watu wakaguna. Mimi nilikuwa nazungusha chai. Nimekua, nimeolewa, nimezaa, nimerudi nyumba hii kumuuguza, na kila aliposimulia mimi nilikuwa nazungusha chai.

Basi wiki iliyopita nilimpika yule samaki. Haradali niliisaga mwenyewe, pilipili mbichi nzima nikaitia juu. Nilikaa mezani kiasi cha masaa mawili namchambua miiba, kwa sababu vidole vya mama sasa vinatetemeka. Harufu ilijaa nyumba nzima, ikaingia kwenye nywele na kwenye makoti yaliyotundikwa ukumbini. Nikamtia kwenye ile sahani ya maua, nikampelekea mama.

Alikula tonge la kwanza, akafumba macho. "Ndiye," akasema. Akala la pili na la tatu, na mimi nikaanza kushukuru Mungu moyoni. Halafu akasita. "Lakini yule mwanamke," akasema. "Mpaka leo sijui nilimkosea nini."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, pipa, mbweha, koti, maneno ya mlangoni ya mara ya kwanza na ya mara ya pili. Nilikuwa naitazama sahani, sikumtazama yeye. Nilipomaliza nilimwomba anisamehe.

Nilidhani amelala.

"Nimemsengenya mtu maisha yangu yote," akasema. "Mtu aliyeniwekea tumbo akala mkia. Nitamwomba wapi radhi mie, nimo kitandani?"

Akasema yeye amenisamehe, mimi ni mwanawe, atanifanya nini. Ila radhi ya Khala si yake kunigawia. Kisha akaniomba sahani nyingine. Nikamletea, akaichukua, akamfunika yule samaki, kama Khala alivyokuwa akifunika.

"Mpelekee," akasema.

"Mama, sijui aliko. Sijui hata kama yuko hai."

"Ulipojua aliko zilikuwa hatua kumi na nne," mama akasema. "Zikakushinda."

Akajigeuza pole pole, akauelekea ukuta wa Khala.